Majina ya Mabaharia, Mifupa ya Wapagazi

Tarehe 19 Oktoba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Chatham ilifika Lindi na kutuma mashua zenye mabaharia wenye silaha. Wakapanda mto Lukuledi, na huko ndani wakaikuta Präsident, meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, ikijitangaza kuwa ni meli ya hospitali. Dalili za hospitali hazikuwamo. Kilichokuwamo ni makaratasi, na ndani yake habari kwamba matishari ya makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Salale, kwenye delta ya Rufiji. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 30 Oktoba, Waingereza waliiona Königsberg ikiwa imejificha nyuma ya mikoko. Ndiyo manowari ya Kijerumani waliyokuwa wakiisaka kwa wiki kadhaa.

Karatasi iliyopatikana Lindi ndiyo iliyoitoa Königsberg mafichoni. Vita ilipokwisha, karatasi za namna nyingine, yaani orodha, daftari na rejesta, ziliamua ni maiti gani ipewe kaburi lenye jina na ipi iachwe porini. Pwani ya Kilwa na Lindi, pamoja na vijiji vilivyo nyuma yake kama Milola, Rutamba, Mtama na Nyangao, inayaonyesha mambo hayo mawili kwa uwazi kuliko sehemu nyingi za Tanzania.

Waingereza walikuwa na deni la kulipiza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilikuwa imeivamia Pegasus katika bandari ya Unguja, wakati manowari hiyo imezima mitambo yake kwa matengenezo. Mizinga ya Wajerumani ilifika mbali, ya Pegasus haikufika. Mabaharia 38 walikufa. Wengi wao walizikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, na makaburi yao yapo hadi leo chini ya miti, yanatunzwa, na majina yanasomeka. Ndugu zao wa Uingereza hawakurudishiwa maiti. Walichopata ni kuambiwa amelala wapi, na uhakika kwamba mtu fulani analipwa kufyeka nyasi.

Huo ulikuja kuwa utaratibu rasmi. Tume ya Makaburi ya Vita ya dola ya Kiingereza iliundwa Mei 1917, ikaweka msingi kwamba maiti hazisafirishwi kwenda kwao, na kwamba mkubwa na mdogo watapata heshima moja: jiwe la aina moja, jina limechongwa, au jina kwenye ukuta ikiwa kaburi halijulikani. Ni ahadi nzuri, na huko Ulaya ilitimizwa kwa kiasi kikubwa. Namna ilivyotimizwa Lindi ni habari nyingine.

Königsberg ilizama Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa na Severn na Mersey, manowari zenye kina kifupi zilizoletwa makusudi kuingia mtoni. Mabaharia wake walionusurika waliinyofoa mizinga kutoka kwenye matope, wakaitengenezea magurudumu, wakaingia nchi kavu kuwa askari wa miguu wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Nahodha wao, Max Looff, alipewa uongozi wa majeshi ya Kijerumani ya upande wa Lindi. Mtu aliyeiongoza manowari iliyoua watu Unguja akawa anapigana kwenye mashamba ya mkonge na vilima vya nyuma ya ghuba ya Lindi, akiwa na mizinga ya meli isiyokuwapo tena.

Waingereza waliteka Kilwa na Lindi Septemba 1916. Kwa miezi mingi hawakuweza kusogea mbali na bahari. Katikati ya mwaka 1917 wakaanza kusukuma kuelekea bara kwa kufuata bonde la Lukuledi: Mingoyo, Tandamuti, Narunyu, Mtama. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 pande mbili zilikutana Mahiwa, karibu na Nyangao, na yakatokea mapigano makali kuliko yote ya vita hiyo katika Afrika Mashariki. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba upande wa Waingereza ulipoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na kujeruhiwa, kati ya takriban 4,900. Wengi wao walikuwa askari kutoka Nigeria, India na King's African Rifles. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na kuwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi. Looff alikuwa miongoni mwa waliotekwa.

Mpaka hapo ni hadithi ya manowari na maofisa, na vitabu vyake havina idadi. Lakini risasi, unga, dawa na hata vyuma vya mizinga ile vilifikaje Mahiwa? Vilifika kichwani mwa mtu.

Nchi ya bara ya Lindi haikuwa na reli ya kufaa jeshi, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo kila upande ulikusanya wapagazi. Waingereza waliandikisha au kuchukua kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Kati yao waliokufa hawakupungua 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa zaidi. Wajerumani nao walichukua mamia ya maelfu, wakiwamo wanawake na watoto, na kwa wengi wao hawakuandika chochote. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Mpagazi alitembea nao kwenye mvua, akalala kwenye matope, akala unga usioiva vizuri kwa kukosa kuni kavu na muda, akaharisha damu, akafa. Risasi iliua wachache, kuhara na malaria viliua wengi.

Watu wa Umwera na majirani zao walikuwa na kidonda ambacho hakijakauka. Miaka kumi na miwili tu kabla ya hapo walikuwa wamepigana vita ya Maji Maji, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Mtoto aliyeponea njaa ya 1906 ndiye aliyekuwa kijana wa kubeba mzigo mwaka 1917. Jeshi lilipopita lilichukua nafaka, likachukua na mbebaji wa nafaka hiyo.

Upande wa Waingereza mpagazi alipewa namba, na kulikuwa na madaftari ya mishahara. Yalijazwa kwa haraka, majina yakaandikwa na makarani wasioijua lugha ya mtu aliyesimama mbele yao, mahali alikotoka pakaandikwa kwa jina la jumbe aliyekwisha kufa au la wilaya tu. Vita ilipokwisha kulibaki mishahara ya marehemu ambayo haikuchukuliwa, kwa sababu ofisi hazikuweza kuwapata warithi. Hapo hapakuwa na siri wala bahati mbaya. Karani hakuandika mama wa marehemu ni nani wala kijiji chake ni kipi, na fedha ikakosa mlango wa kubisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Tume ya makaburi ilipouliza ifanye nini na makaburi ya wapagazi, jibu la serikali ya Tanganyika lilikuwa la kuumiza. Gavana Horace Byatt aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Tume ilikubali. Ukumbusho wa pamoja ukajengwa Dar es Salaam, ile sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, bila jina la mtu hata mmoja. Ilichukua karibu miaka mia moja mpaka Tume hiyo, kwa ripoti yake ya Aprili 2021, ikakiri hadharani: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Wapo waliosema radhi hiyo ilichelewa. Ilichelewa kweli, lakini iliandikwa, na kwa jambo hili kuandikwa ni kitu kikubwa.

Makaburi yenye majina, kwa upande wake, yalihamishwa kwa uangalifu kila ilipobidi. Mwaka 1968 barabara mpya ilipohitaji kupita kwenye makaburi ya Ocean Road, Dar es Salaam, makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yalifukuliwa na kupelekwa kwenye eneo jipya. Miaka michache baadaye makaburi mengine yapatayo 1,000 yaliletwa hapohapo kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako matunzo hayakuweza tena kuhakikishwa. Leo mtu akiingia pale atakuta mistari iliyonyooka, nyasi zimekatwa, na kuta za majina ya Waingereza na Wahindi ambao makaburi yao hayajulikani. Hakuna aliyefukuliwa bila kumbukumbu kufuatana naye. Hata wasiojulikana walihesabiwa.

Nyuma ya Lindi kuna mfano mwingine wa mifupa iliyohesabiwa, na ni wa kustaajabisha.

Kati ya mwaka 1909 na 1913, jumba la makumbusho la Berlin lilichimba mabaki ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kwenye ukanda huohuo wa bara ya Lindi. Katika misimu mikubwa wafanyakazi walifika mia tano. Kila mfupa uliotoka ardhini ulipewa namba na kuandikwa umetoka shimo gani, ukapakwa plasta au udongo, ukafungwa kwa mianzi, kisha ukabebwa begani au kichwani safari ya siku nne hadi bandarini. Jumla ya shehena inakadiriwa kuwa takriban tani 225. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na ustadi wake wa kusafisha na kuunganisha mifupa ulisifiwa na Wajerumani wenyewe. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyetoka pale amesimama Berlin kwa urefu wa mita 13.27, na rekodi zinaonyesha mifupa yake ilitoka wapi.

Kwa hiyo maarifa ya kuandika mfupa yalikuwapo. Yalikuwapo Lindi hasa, mikononi mwa watu wa Lindi, miaka michache kabla ya vita. Njia walizopitisha mifupa ile kwenda baharini zilikuwa katika nchi ileile walimolazwa wapagazi wasioandikwa. Si haki kumlaumu Boheti na wenzake, wala si haki kusema wakati huo dunia haikujua namna ya kumtambulisha marehemu. Ilijua. Ilichagua nani astahili kazi hiyo.

Ni kazi kubwa kiasi gani, inaonekana Marekani. Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, watu 429 walikufa ndani ya manowari Oklahoma. Mabaki yao yaliopolewa miezi na miaka baadaye yakiwa yamechanganyika, na baada ya vita waliotambuliwa walikuwa 35 tu. Wengine walizikwa kwa pamoja huko Hawaii kama wasiojulikana. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliamua kuyafukua majeneza yao ili kuwatafuta mabaharia na askari wa majini 388. Wataalamu walipanga mifupa maelfu juu ya meza, wakalinganisha meno na rekodi za daktari wa jeshi, wakachukua vinasaba kutoka kwenye mfupa na kuvilinganisha na vya ndugu walio hai. Kazi ilipofungwa mwaka 2021, 355 walikuwa wamepata majina. Baharia aliyekufa akiwa na miaka ishirini alirudishwa kijijini kwake na kuzikwa karibu na wazazi waliokufa wakimngoja. Mabaki ya watu 33 yalishindikana, yakarudishwa kaburini.

Katika kazi ile, vinasaba vilivyosaidia sana ni vile ambavyo mtu huvipata kwa mama peke yake. Baharia anavyo sawasawa na dada yake, na dada huwapa watoto wake, na binti huwapa wanawe. Mtoto wa baharia mwenyewe hana msaada hapo, anayetafutwa ni mpwa. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wangeelewa hilo bila kuelezwa sana, kwa kuwa desturi yao ya zamani ilihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye aliyekuwa na kauli, na mpwa ndiye aliyerithi. Yule ambaye desturi ya bara ya Lindi ingemwita asimame juu ya kaburi la mjomba wake ndiye hasa ambaye maabara ingemtafuta. Uislamu wa pwani, Ukristo wa misheni na mji wa kisasa vimeipunguza nguvu desturi hiyo, lakini mama wa nani alikuwa nani bado ni habari inayopatikana kwa wazee wengi.

Tanzania imekwisha kuona mabaki ya mtu wake yakitambuliwa, zaidi ya mara moja, na kila mara kulikuwa na maandishi yaliyotangulia. Fuvu la Mkwawa, Mtwa wa Wahehe aliyefariki mwaka 1898, lilitajwa kwa jina ndani ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246: Wajerumani walitakiwa kulikabidhi. Miaka thelathini na tano ikapita. Gavana Edward Twining alilitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, akayapunguza kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa za Mkwawa, na Juni 1954 likarudishwa Kalenga, Iringa. Wako wanahistoria wanaotilia shaka kama lilikuwa lenyewe. Wahehe walilipokea, wakalitunza, na liko pale.

Safari ya pili ni ya juzi. Berlin ilikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Kijerumani, na watafiti walikuwa wakiyachunguza yametoka wapi. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya watu walio hai Kilimanjaro. Moja lilikuwa la mtu aliyejulikana kwa jina la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Wakati Mangi Meli aliponyongwa Moshi Machi 1900, watu wengi wa baraza lake walinyongwa naye. Kilichowaongoza watafiti kufika kwenye familia ya Akida ni neno lililoandikwa kwenye fuvu lenyewe. Mkono ulioandika ulikuwa wa mtu aliyeshiriki uporaji, na bado bila maandishi yake familia isingeulizwa. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, ambako Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Maji Maji, na wenzake walinyongwa mwaka 1906, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake.

Yule mpagazi wa Mahiwa hana fuvu lililoandikwa neno. Hata akifukuliwa kesho na mkulima anayelima ufuta, mifupa yake haitakuwa na kifungo cha koti la jeshi wala kibati. Wapo wengine ambao hawana hata udongo. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya kusafirisha askari iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache. Watu 1,297 walikufa, na kikosi kilichopoteza wengi kuliko vyote ni kile cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Hao hawatarudi kwao kamwe. Majina ya waliopotea wa kikosi hicho yako kwenye ukumbusho ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Jina ndilo lililozikwa, na kwa familia lilitosha kuanzia.

Pwani ina dawa yake kwa msiba usio na maiti. Katika madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi kuanzia Kilwa hadi Lindi, mtu aliyefia mbali husaliwa sala ya ghaibu: safu zinapangwa, imamu anasimama mbele, takbira nne, na jeneza halipo. Wenye kusali humtaja wanayemkusudia. Bara, miongoni mwa Wayao na majirani zao, wazee waliwaita waliotangulia kwa majina huku wakimwaga unga chini ya mti. Kwa vyovyote vile ni lazima jina litamkwe, na aliyechukuliwa na jeshi asirudi aliacha nyuma angalau watu walioweza kulitamka.

Januari 2025, huko Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa wafanyakazi Waafrika wa jeshi wapatao 1,700 waliokufa katika vita ileile na kukosa kaburi au kumbukumbu. Kila mmoja amesimamishiwa nguzo yake ya mbao na jina lake juu yake. Majina hayo yalipatikana kwenye makaratasi ya zamani ya Afrika Kusini ambayo hayakuwa yamefunguliwa kwa kusudi hilo.

Lindi ingeweza kuanza bila maabara. Rejesta za misheni ya Nyangao na Ndanda, majalada ya wilaya yaliyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na madaftari ya wapagazi yaliyobaki London na Nairobi yanahitaji mtu anayejua majina ya Kimwera na Kimakonde hata yakiwa yameandikwa ovyo na karani mgeni. Na Milola, Rutamba, Mtama na Mahiwa panahitajika mtu wa kukaa na wajukuu wa kizazi kile, akiwa na daftari, aulize kwa upande wa mama: mjomba wa nani aliondoka na jeshi mwaka 1917, alikuwa anaitwa nani, na aliyemwona mara ya mwisho alisema alimwacha wapi.